Jina la Aliyelima Orweya

Ninyi binti mnaoolewa, na ninyi mama mnaowaoza, nawaambia mapema. Kabla binti hajafunga mizigo yake kwenda kwa watu, amuulize mama yake jina lake. Sisemi jina la ubatizo, wala Mama Fulani. Jina alilopewa na baba yake. Mtanicheka, mtasema nani asiyejua jina la mama yake mzazi. Mimi nimemwona asiyelijua. Mtu mzima mwenye mvi, analia kwa sababu hiyo, Bakoba mjini, ndani ya nyumba yake yenye bati.

Kwetu Ijumbi kibanja ni cha mwanaume. Migomba ni yake na kahawa ni yake. Mwanamke anaingia humo kwa mguu wa mume, na mume akifa anabaki kwa huruma ya shemeji. Lakini juu ya vibanja kuna orweya, majani matupu ya mlimani ambako mgomba haushiki, na kule wanawake ndio waliokuwa wakilima njugu mawe. Hata leo mwambie mwanaume wa Kihaya ainame apande njugu mawe, atakuuliza kama umemwona amevaa gauni.

Mama mkwe wangu alilima orweya shamba kubwa kuliko la mwanamke yeyote upande wetu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchoma majani, kulaza udongo, kukiacha kipande hiki kipumzike na kuhamia kile. Nililima naye tangu nikiwa bibi harusi ambaye bado anaona aibu kula mbele ya watu, mpaka siku aliposhindwa kupanda mlima. Mume wangu Mutembei alikufa binti yetu Anatolia akiwa darasa la tatu. Mama mkwe akamfuata. Nikabaki kwenye kibanja na shemeji yangu Ildefons, ambaye alizaliwa na mke mwingine wa baba mkwe, mzee Kagaruki. Kuanzia hapo nilitembea humo kama mgeni aliyepitiliza siku. Sikupaza sauti, sikukata mkungu wa ndizi bila kuuliza.

Halafu ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Tukaambiwa orweya yote itakuwa shamba la kijiji, ila yale mashamba ya zamani yatajwe nani aliyaanzisha, na watu wa huyo waendelee kuyatunza na kula mazao yake. Sisi wanawake tulikuwa na umoja wetu, na Anatolia, ambaye alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, ndiye aliyekuwa katibu. Kila Alhamisi tulikutana kwenye kigango. Yeye ndiye aliyetuingiza katika jambo la kukusanya habari za wanawake wa zamani: nani alizalisha watoto wa kijiji kizima, nani alikataa kurithiwa na shemeji akaenda kuishi peke yake, nani alimfukuza chui kwa mwiko. Tulitunga nyimbo, tukacheka sana. Na lile shamba la njugu tulikuwa tukililima pamoja, wajane na wenye waume, tukasema hili ndilo litakuwa la umoja.

Siku ya mkutano Ildefons akasimama, kofia mkononi.

"Shamba lile ni la Kagaruki, baba yangu. Wake zake walilima kwa sababu yeye aliwaoa. Mimi ndiye mwanawe niliyebaki."

Anatolia naye akasimama.

"Baba mdogo, samahani. Lile alipewa bibi na mkungu mwenyewe, mkuu wa kijiji enzi za mtemi. Hakupewa na babu. Babu hakukanyaga kule hata siku moja."

Watu wakageuka kumtazama mzee Rugemalira, kwa sababu baba yake ndiye aliyekuwa mkungu wa enzi hizo, mwenye kugawa orweya. Rugemalira ni mtu wa ubishi. Hata kwenye matanga atabishana na padri kuhusu saa.

"Bibi yako nani?" akamuuliza Anatolia.

"Mama wa baba yangu, waitu."

"Mama wa baba yako ni bibi yako, hilo nalijua ingawa shule sikufika. Nakuuliza jina."

"Maria."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

"Maria!" akasema Rugemalira. "Maria ni yule aliyemwagiwa maji ya ubatizo akiwa anakata roho. Baba yangu hakumpa Maria shamba. Sikilizeni. Siku ile mimi nilikuwa nimekaa pale nimeshika kibuyu cha pombe ya rubisi cha baba. Akamtaja mwanamke kwa jina lake mbele ya watu, watu wakapiga makofi. Jina hilo ninalo, na sitawapa. Nikiwapa, Ildefons atasema mzee kanyweshwa na wanawake. Nileteeni jina, nami nitasema ndiyo au siyo. Mkilikosa, basi shamba ni la Kagaruki, maana hakuna mwingine wa kutajwa."

Mwenyekiti akasema haya, mkutano ujao, Jumapili baada ya Misa.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye majani na wenzangu, na jina lile nalijua. Nalijua vizuri. Dada yake mama mkwe alikuwa akija kumtembelea, na alikuwa akiliita tangu chini ya mlima, kwa sauti ndefu, na mwenye jina anaitika anacheka. Katika watu wote waliokuwa pale mkutanoni, ukimtoa Rugemalira, aliyelijua ni mimi peke yangu. Lakini mke hatamki jina la mkwe. Hata mkwe akifa hulitamki. Kulitamka ni kumvua nguo. Na mjane akilitamka mbele za watu, shemeji hahitaji sababu nyingine ya kumtoa kwenye kibanja.

Jioni tulipokuwa tunamenya ndizi Anatolia akaweka kisu chini.

"Mama, wewe unalijua."

"Usiniulize."

"Niandikie basi. Kuandika si kutamka."

"Mkono na mdomo ni vya mtu mmoja, Anatolia."

"Basi shamba liende! Liende kwa sababu ya adabu!" Kisha akasema taratibu, "Mama, tumelala naye chumba kimoja mimi na bibi. Alinibeba mgongoni. Nimesimama mbele ya watu sijui anaitwa nani."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko shamba. Nikamwambia kwamba yuko mtu mmoja mwenye haki ya kulitaja, naye ni mtoto wa tumbo lake. Alizaa wawili tu waliokua, Mutembei na Felicitas. Mutembei amekufa. Felicitas yuko Bakoba.

Habari za Felicitas zilikuwa hazisemwi nyumbani. Alitoroka akiwa msichana mdogo sana, kwa kuwa Kagaruki alishapokea pombe ya posa ya mzee mmoja mwenye wake tayari. Akapanda meli, akaenda Kampala. Kagaruki akakataza mtu yeyote asimtaje tena ndani ya ua wake, na waliomtii wakaendelea kutii hata alipozikwa. Mambo ya Uganda yalipochafuka Felicitas akarudi na vitu vyake, akanunua nyumba Bakoba, akawa anapika chai na maandazi kwa watu wa kazi. Ijumbi hakuja.

Nikapanda basi la asubuhi. Nikamkuta anakanda unga, mikono nyeupe mpaka kwenye viwiko.

"Nani kafa?" akaniuliza hata kabla sijaketi.

"Hakuna aliyekufa, wifi yangu."

"Basi mmekosa sukari. Watu wa Ijumbi hawaji kwangu ila kwa msiba au kwa sukari. Na sukari sina, hata hawa wateja nawapa chai kavu, wanitukane."

Nikacheka kwa kuwa niliogopa. Nikamweleza yote, mkutano, Ildefons, Rugemalira. Alikuwa ananisikiliza huku anakata maandazi, na nilipofika kwa Ildefons akapiga kisu kwenye meza.

"Akale hizo njugu zimkwame."

"Hazitamkwama ukija. Njoo Jumapili ulitaje jina la mama. Wewe hakuna wa kukukataza."

Akaacha kukata. Akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Nikadhani anakumbuka walivyomfukuza, nikaanza kumbembeleza, nikasema nitakupokea mimi, utakula kwangu.

"Si hilo," akasema. "Silijui."

Nikadhani ananitania.

"Silijui, Alistidia. Majirani walimwita Mama Mutembei. Baba alimwita kwa ukoo wake, Muyango. Mimi nilimwita mama. Unadhani mtoto anamuuliza mama yake jina? Nilijua nitakuwepo tu. Kampala niliulizwa mara nyingi kwenye ofisi zao, jina la mama. Nilikuwa nawaambia Muyango, wanaandika. Kila walipoandika nilijua nimedanganya."

Jamani. Nilisafiri kwa basi lile nikiamini nakwenda penye jina, kumbe mwenye ruhusa hajui, na mimi ninayejua sina ruhusa. Sasa akaanza kulia. Wateja wawili wakachungulia, wakarudi nje na vikombe vyao.

"Alinisahau," akasema. "Baba alikataza, naye akatii."

Hapo nisingeweza kunyamaza hata kama ningekatwa ulimi. Nikamwambia ninayoyajua. Nikamwambia ni kweli mama hakuwahi kukutaja kwa jina, kwa kuwa aliapishwa, lakini kule orweya alikuwa akisema Yule. Yule sasa angekuwa na watoto. Yule alipenda njugu zikiwa bado laini. Na kila mavuno alikuwa akigawa mafungu, la nyumba, la mume, la Mutembei, na fungu la Yule. Halikuliwa na mtu. Analiweka kwenye kikapu chake juu ya dari mpaka mvua za kupanda, akiona hukuja, analishusha, anakwenda kulipanda. Mwaka unaofuata fungu la Yule ni kubwa zaidi, na analipanda tena. Mimi mwenyewe nililalamika, mgongo unaniuma, nikamwambia mama, shamba limekuwa kubwa mno kwa mikono miwili. Akanijibu, nipunguze la nani?

"Ndiyo maana lile shamba ni kubwa kuliko mengine," nikamwambia Felicitas. "Ni fungu lako."

Mafuta jikoni yakaanza kuungua. Akainuka akayaepua, akarudi akaketi mbele yangu, karibu, magoti yakagusana.

"Nitajie."

"Wifi, siwezi."

"Shamba silitaki. Nitajie kwa ajili yangu. Nimekuwa mzee, na kwenye sala zangu nasema mama, mama, mbinguni wako wangapi?"

Nilifikiria kibanja. Nilifikiria nyumba aliyonijengea Mutembei, na kaburi lake kwenye migomba nyuma ya nyumba, ambapo napita kila siku nikienda kuchota maji na kumwambia habari. Nilifikiria Anatolia, ataolewa atoke nyumba ipi. Mimi ni mtu wa hofu, na sijawahi kulificha hilo. Lakini yule mama alinikabidhi yote aliyokuwa nayo, na mengi yake yalikuwa hamu ya mtoto huyu aliyeketi mbele yangu na unga kwenye nyusi.

Nikafunga mlango. Nikapiga magoti kama mtu anayepeleka chakula kwa mkwe, nikamwomba radhi mama mkwe wangu popote alipo. Nikalitamka, mara moja.

Felicitas akalirudia kwa sauti ndogo. Akalirudia tena. Kisha akaliita kwa sauti ndefu, kama vile alivyoita yule dada mtu tangu chini ya mlima, ingawa hakuna aliyemfundisha.

Jumapili alikuja. Alivaa gauni la Kampala la rangi ya zambarau, kitambaa kichwani, viatu vyenye kisigino vinavyozama kwenye udongo wetu. Watu waliotoka Misa wakapeana viwiko. Nikamsikia mwanaume mmoja akisema wale wanawake wa meli wamerudi, funga pochi. Mwenzake akamjibu, pochi ipi uliyo nayo wewe?

Ildefons akasema, "Mwenyekiti, huyu baba alimfuta."

"Kitabu cha kufuta watu hatuna hapa," mwenyekiti akasema. "Aseme."

Kwetu wanaume husimama kwenye sherehe wakajisifu, mmoja mmoja, anatoka mbele na fimbo yake, anataja ukoo wa baba zake na aliyoyatenda. Mwanamke hajisifu hivyo. Felicitas akatoka mbele kama mwanaume, bila fimbo, mkono hewani.

"Mimi ni yule aliyetoroka!" akasema.

"Tunakujua!" mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

"Mnanijua mimi, mama yangu hamumjui! Mimi ni wa tumbo la binti wa ukoo wa Bayango, aliyekwenda kwa mkungu kwa miguu yake, aliyepewa orweya mbele ya watu wakapiga makofi, aliyepanda fungu la mtoto asiyekuwepo kila mwaka mpaka mlima ukajaa! Mimi ni wa..." Na akalitaja.

Hapa siliandiki. Mnisamehe. Atakayelitaka na aje Ijumbi, amuulize mtoto yeyote, watoto wanaliimba sasa wakiruka kamba, halihitaji mkono wangu.

Rugemalira alikuwa ameinamisha kichwa. Tulisubiri.

"Ndiyo," akasema.

Wanawake tukapiga vigelegele. Anatolia alikuwa analitamka polepole, midomo tu, kama mtu anayejifunza sala. Lakini Ildefons si mjinga. Akasubiri kelele zitulie.

"Huyu aliondoka hapa hajui hata kusuka mkeka. Nani kampa jina?"

Watu wote, hata wale waliokuwa wakishangilia, wakanitazama mimi.

"Mimi niliuliza jina," Rugemalira akasema. "Njia liliyopita sikuuliza."

Shamba likawa la umoja wa wanawake, likaitwa kwa jina la aliyelilima. Felicitas akaomba jambo moja tu, aende aone kaburi la mama yake. Ildefons akatangulia, akasimama kwenye mlango wa ua, mkono mmoja huku na mwingine huku. Hakutukana. Alisema tu, "Waliovunja nyumba hawaingii nyumbani." Felicitas akatazama juu ya bega lake, kwenye migomba, kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nyuma yake, na ndipo nilipoelewa kwamba amesema waliovunja. Si aliyevunja.

Nikatoa vyombo vyangu wiki ileile. Nilipewa kiwanja kwenye mstari mpya kando ya barabara, udongo mwekundu, hakuna hata mgomba mmoja wa kivuli. Nimepanda, imeshika, lakini migomba michanga haina sauti. Asiyewahi kulala miaka mingi katikati ya migomba mikubwa hataelewa ninachosema. Mvua ikianza kunyesha inanyesha huku kwenye bati kama mawe, nami najua kule imeanza kwenye majani, pole, na Mutembei amelala chini yake na hakuna anayempelekea habari. Huwa napita njia ya nje nikienda shambani. Naliona paa la nyumba yangu. Sisimami.

Kwa hiyo msije mkasema hatukuambiwa. Nimewaambia bei yake. Ila nawaambia pia kwamba nisingalifika Bakoba kama wale mama zetu wangaliwaambia watoto wao mapema, maana lililokosekana pale lilikuwa neno moja, ambalo mama angelimwambia binti yake akimsuka nywele.

Sasa umoja wetu una utaratibu. Mavuno ya njugu yakiisha tunachemsha pale pale mlimani, tunakula, na kila mwanamke anatoka mbele kwa ajili ya mmoja wa zamani. Wake wanasimulia, kwa kuwa wao ndio walioishi na wakwe zao, walilima nao, waliwauguza. Wakifika kwenye jina wananyamaza, na binti wa tumbo au mjukuu analitaja. Felicitas huja kwa basi na maandazi. Fungu lake tunampa, na anakula njugu zingali laini, nyingi mno kwa umri wake, tunamwambia utaumwa tumbo, anasema niacheni nina deni la miaka.

Mavuno yaliyopita alikuja Immakulata, mke wa Ildefons. Hakuwahi kukanyaga kule. Tulikuwa tumebaki wachache tunapekua udongo kutafuta zilizosahaulika, naye akaweka jembe karibu na langu, akalima bila kunisalimu. Baadaye akasema bila kuinua uso:

"Mama Anatolia, mama mkwe wangu naye alikuwa na jina."

"Unalijua?"

"Ni mimi tu. Ildefons hana dada. Nilimuuliza juzi, mama yako aliitwa nani. Akanikemea, akatoka nje. Akakaa kule kwenye kahawa mpaka chakula kikapoa." Akapiga jembe moja. "Hajui, Mama Anatolia. Yule mwanaume hajui, na anaona aibu kuniuliza."

"Una binti wawili."

"Ninao. Nikiwaambia, nimetamka?"

Akasimamisha jembe, akanitazama kwa mara ya kwanza. Nilitaka kumwambia usiogope, lakini mimi naishi kando ya barabara, siwezi kumdanganya mtu.

"Umetamka," nikamwambia. "Na akijua, naye anaweza kukusimamia mlangoni."

Akamaliza mstari wake mpaka mwisho, akakung'uta udongo kwenye jembe, akateremka kuelekea kwenye kibanja ambacho mimi siingii. Akiwa katikati ya mteremko nikamsikia anamwita binti yake mkubwa aje asukwe nywele.